Mtoto wa Mwalimu Hasimamishwi

Jumatatu, 4 Machi

Shule imefunguliwa, na mvua nayo imefunguka. Tuna mwalimu mkuu mpya. Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba asubuhi mstarini watoto wa nyuma walikuwa wakiulizana, "Kasema nini?" Hana fimbo, hana kitambi cha ukubwa, hana hata kile kikohozi cha kutangulia mlangoni. Ana kigoda tu. Amekibeba mwenyewe kutoka ofisini, akakiweka barazani, akakaa, akaanza kuita watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano, mmoja mmoja, na kuwapa kadi wasome. Upande mmoja herufi na maneno, upande wa pili sentensi na kihadithi kifupi. Kufikia mapumziko watoto walikuwa wameshambatiza: Bwana Kigoda.

Nimefundisha chini ya wakuu wa kila namna. Kuna aliyekuja na kaulimbiu, kuna aliyekuja na ratiba za rangi nne, na kila mmoja alipoondoka tulirudia mambo yetu. Huyu naye atapita. Hata hivyo nimekuwa nikichungulia dirishani mchana kutwa kuona nani ameitwa, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na sijui kwa nini.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Bado anaita mmoja mmoja.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao. Mkuu amesema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowapima hawawezi kusoma sentensi moja wakiwa peke yao.

Kamanda aliruka kama aliyekalia pini. Kamanda ni mwalimu wa la nne na rafiki yangu wa chanda na pete. Tunamwita hivyo kwa sababu akiinua rula darasa zima linajibu kwa sauti moja, na ukipita barabarani utadhani ni gwaride.

"Mkuu, njoo darasani kwangu usikie wanavyosoma."

"Nimesikia, Mwalimu. Nasikia nikiwa ofisini kwangu. Wanasoma vizuri sana wote pamoja. Mimi nauliza mmoja."

Basi amri imetoka. Kuanzia Jumatatu hakuna kujibu kwa pamoja. Na kila siku, saa nzima kabla ya mchana, watoto wa madarasa hayo matatu watachanganywa na kugawanywa upya, si kwa umri bali kwa kile wanachoweza kusoma. Chumba cha herufi, cha maneno, cha sentensi, cha hadithi. Mimi mwalimu wa la tatu, ambaye darasa langu ndilo huonyeshwa wageni, nimepewa herufi. Damu ilinichemka. Nilitabasamu lakini.

Jambo moja limenikaa kichwani. Mkuu aliuliza, "Kuna watoto wanne hapa sikuletewa niwapime. Kwa nini?" Kamanda akajibu, "Hao ni wa walimu, Mkuu. Hao moja kwa moja hadithi." Tukacheka. Shuleni kwetu huo ni utaratibu usio na karatasi: mtoto wa mwalimu hasimamishwi. Huwezi kumwinua mtoto wa mwenzako mbele ya darasa ukamuuliza peke yake, akikosa utamtazamaje mama yake kwenye chai? Binti yangu yuko la nne kwa Kamanda (la tatu hakupitia kwangu, alikuwa mkondo wa pili kwa mwalimu mwingine), ni mmoja wa hao wanne. Mkuu alituangalia kidogo, akasema, "Haya. Wazazi wao watakuwa wanawajua."

Jumanne, 12 Machi

Kwenye chumba changu cha herufi nimeletewa hadi majitu ya la tano, magoti hayaingii chini ya dawati. Niliandika m ubaoni nikauliza ni herufi gani. Midomo yote ikafunguka kwa pamoja. Nikasema hapana, wewe peke yako. Kijana akageuka kumtazama jirani yake, si usoni, mdomoni. Nikamgeuza jirani. Kijana akatafuta mdomo mwingine.

Miaka yote hiyo walikuwa wanasoma midomo. Na nusu yao wametoka mikononi mwangu.

Ijumaa, 15 Machi

Chaki imekwisha. Nimemgombeza mume wangu kwa kosa la paka.

Jumatatu, 18 Machi

Leo mvua ilipiga bati hadi sikusikia hata mawazo yangu. Zamani siku kama hii tungepiga kelele zaidi ya mvua, mimi "ba!" wao "ba!" mpaka koo zikauke. Leo kelele yenyewe imekatazwa. Nikakaa kwenye dawati la mbele nikaita mtoto, nikampa neno, nikamwambia anisomee sikioni. Kisha wa pili. Hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake wala kuona mdomo wake, kwa kuwa ulikuwa umebanwa kwenye sikio langu.

Nilitoka na sikio limeloa mate. Lakini kwa mara ya kwanza ninajua nani anajua nini. Binti wa fundi viatu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, anajua herufi zote isipokuwa mbili. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ya aibu, na pia siku ambayo nusura nivunjike mbavu. Niiandike kwa utaratibu.

Binti yangu tunamwita Chiriku. Alianza kuongea mapema na hajanyamaza hadi leo. Akisikia jambo mara moja amelishika, akikusimulia utaona kama ulikuwepo. Kila siku ya wazazi yeye ndiye husimama na kitabu kuwasomea wageni, na baba yake husema, "Huyu ni mtangazaji kamili." Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, macho yamepungua, kwa hiyo Chiriku ndiye humsomea ujumbe wa simu. Bibi akisikia mlio tu huita, "Njoo, msomaji wangu!"

Leo alasiri shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ameingia ameloa chapachapa, mizigo mabegani, amenuna.

"Mama, nimekuandikia mara tatu nakuja leo, mtu anipokee kituoni na mwavuli. Hakuna hata mmoja!"

Bibi akashangaa. "Uliandika unakuja? Wewe uliandika umepata mchumba."

"Mchumba?"

"Mrefu. Mwenye meno mazuri. Na kwamba mama yake ni mkali kidogo lakini mtazoeana."

Shemeji akaachia mzigo ukaanguka. Mume wangu akaangua kicheko, akidhani mdogo wake kafumaniwa. Bibi akaendelea, maana alishawatangazia majirani wote. Alitaja kanisa lipi mchumba anasali, alitaja mguu uliomuuma mwezi uliopita na jinsi mwanawe alivyomwandikia pole kila asubuhi. Shemeji akachukua ile simu. Ujumbe wa mchumba ulikuwa tangazo la kampuni ya simu. Pole za asubuhi zilikuwa matangazo. Na ule wa kuja leo ulikuwa wazi kabisa: *Mama nakuja Jumamosi mtu anipokee.*

Kicheko kilikatika chenyewe. Nilimwita Chiriku, nikamwekea simu mkononi. "Soma hapa."

"Inasema…" Alitabasamu lile tabasamu lake. "Inasema shikamoo Mama, natumaini hamjambo…"

"Soma, Chiriku."

"Macho yananiuma."

Bibi hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mchumba hayupo?" kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Jumapili, 24 Machi

Nilichukua kitabu chake cha la nne. Akakisoma chote bila kukosea, na kuigiza sauti. Nikakigeuza juu chini. Akaendelea. Nikachukua kitabu ambacho hajakiona. Akatazama picha, mwanamke na mbuzi, akaanza hadithi tamu kuhusu mwanamke na mbuzi ambayo haipo kwenye ukurasa huo wala mwingine wowote. Nikafunika picha kwa mkono. Akanyamaza.

Nikamwandikia herufi. Anazijua kumi hivi. Kuunganisha ndiyo hajui kabisa, hata *mama*. Aliitambua kwa urefu wake, na nilipoandika *mana* akasema ni mama.

Jioni zote nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, yeye amekaa pembeni yangu ananichekesha. Nimelia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimegombana na Kamanda. Nilimfuata nyuma ya jengo, pale tunapokunywaga chai.

"Miezi yote hii yuko kwako. Hujui kama hajui?"

"Najua," akasema.

Hivyo tu. Nilitegemea atakataa.

"Unajua na unampa alama za juu?"

"Nimpe ngapi, mwenzangu? Nikuletee sifuri ya mwanao kwenye sahani? Ungeniongelesha tena? Nimekulindia heshima."

"Sikukuomba."

"Mwanangu alipokuwa kwako hukuniomba ruhusa kumpa tisini. Nilizipokea nikasema asante. Leo ndiyo umekuwa mtakatifu?"

Kijana wake yuko la tano sasa. Nilimwacha na vikombe viwili.

Jumanne, 26 Machi

Nimempa mume wangu habari yote. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mageti, na huwa anasema chuma kikipinda unakipasha moto tu. Leo alikuwa na maneno mengine. "Mfundishe hapa nyumbani usiku. Mtoto wa mwalimu akae na wasiojua a? Watu watakucheka wewe kwanza." Chiriku naye alining'ang'ania nguo: "Mama, hapa hapa. Nitajifunza haraka. Usimwambie mtu."

Nimekubali. Nataka sana kuamini kwamba nimekubali kwa ajili yake.

Jumatano, 3 Aprili

Haifai. Nafika nimechoka, napiga kelele, Chiriku analia, Bibi anaingilia, "Mwache mtoto ale." Halafu mtoto mwenyewe ananipiga chenga. Namfundisha maneno matano, kesho yake ameyakariri kwa mpangilio. Nikiyachanganya anapotea. Mchana, kwenye saa yangu ya herufi, naona watoto wa watu wakisogea mbele, huku wangu yuko chumba cha hadithi anatingisha kichwa na wanaojua. Binti wa fundi viatu amehama leo kwenda chumba cha maneno. Alipiga kigelegele mlangoni. Nilimwonea wivu, mtu mzima mimi.

Akiingia la tano hivi, atakariri. La sita, atakariri. Siku atakapopewa karatasi ya mtihani asiyoijua hakutakuwa na picha wala mdomo wa jirani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikasema tu, "Mkuu, binti yangu hajapimwa."

Hakuuliza kwa nini leo. Alibeba kigoda. Chiriku aliitwa barazani, darasa zima la nne likatoa macho dirishani, kwa sababu hawajawahi kuona jambo hilo. Alijaribu kumsimulia Mkuu hadithi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nzuri sana. Sasa nionyeshe unapoiona hapa." Hakuiona.

Akapewa chumba cha herufi, chumba changu. Kutoka baraza ya la nne hadi kwangu lazima ukatize uwanja wote. Alikatiza kwenye manyunyu akiwa na begi kichwani, na kutoka madirishani nikasikia, "Chiriku! Chiriku kashuka!" Walimu walikuwa wamesimama milangoni. Nilitaka kumkimbilia. Nilijikaza kisabuni, nikamsogezea dawati.

"Karibu," nikasema.

"Ahsante, Mwalimu," akasema, bila kunitazama.

Jumatano, 17 Aprili

Ananiita Mwalimu hata nyumbani. "Mwalimu, chumvi iko wapi?" Mume wangu haniongeleshi zaidi ya salamu. Bibi ndiye pekee aliye upande wangu, sikutegemea. Jana alimwambia mwanawe, "Mimi ndiye niliyedanganywa hapa, na sijanuna. Wewe umenunia nini?" Kisha akaniambia kando kwamba, ukweli, zile jumbe za Chiriku zilikuwa tamu kuliko jumbe halisi za mwanawe mdogo, ambaye akiandika anaandika kama mtu anayelipia kila herufi.

Jumatatu, 22 Aprili

Hajasema neno darasani wiki nzima. Chiriku, hajasema neno.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua kubwa, ya bati. Nikaanza kuwaita, sikio kwa sikio. Nilipofika kwake nilidhani atakataa. Nimekata maneno kutoka kwenye maboksi, silabi moja kila kipande, unayapanga unavyotaka. Nikampangia *ka* na *ta*. Alisogea. Niliisikia pumzi yake kwanza, ya moto.

"Ka," akanong'ona. "Ta." Kimya. "Kata."

Nikageuza vipande.

"Ta… ka. Taka." Akajivuta nyuma akaniangalia. "Ni zilezile!"

"Ni zilezile."

"Sasa nipe nyingine. Usiniwekee rahisi."

Nilimaliza saa nzima naye na kuwasahau wengine wote, jambo ambalo mwalimu haruhusiwi kufanya.

Ijumaa, 10 Mei

Baada ya kengele Kamanda aliingia darasani kwangu. Hatujasemezana tangu siku ya vikombe. Alikuwa amemshika mkono kijana wake wa la tano, mkubwa kuliko yeye.

"Mpime," akasema. "Usinitazame, mpime tu."

Nilimpima. Anasoma maneno, sentensi zinamshinda. Kamanda alikuwa amegeukia ubao, anafuta ubao msafi. Nilimwambia kijana ni chumba gani atakwenda Jumatatu. Wakati wa kutoka Kamanda alisema, "Na wewe una chai kwenu siku hizi, au ulimwaga yote?" Tumekunywa mpaka giza likaingia. Ameanza kuwauliza wa kwake mmoja mmoja. Anasema ni kama kuzima redio, unasikia mambo ndani ya nyumba ambayo hukutaka kuyasikia.

Jumatano, 15 Mei

Chiriku amehamia chumba cha maneno. Hakupiga kigelegele. Ameniuliza cha sentensi kiko mbali kiasi gani.

Alhamisi, 23 Mei

Siku ya wazazi ni wiki ijayo. Mkuu amesema wasomaji hawatapewa ukurasa mapema. Vitabu vipya vimefika, vimefungwa bado, na mzazi yeyote atafunua popote na kuweka kidole. Atasoma mtoto mmoja kutoka kila chumba, na wa chumba cha maneno ni Chiriku. Wazazi tayari wanauliza Chiriku atasoma nini mwaka huu.

Jana nilipofika nyumbani mume wangu alivunja kimya chake. "Wewe una ufunguo wa kabati la vitabu. Chukua kimoja. Akikariri kurasa mbili tatu, na mzazi ukimpanga vizuri, nani atajua? Usimwaibishe mtoto hadharani."

Hakusema kwa ubaya. Anampenda. Nililala nikiwa na ufunguo huo chini ya mto, nikijiambia sijaamua. Chiriku alikuwa amesikia kila kitu. Asubuhi hii amesema tu, "Nitasimama." Hajasema kama ataomba kitabu.

Jumanne, 28 Mei

Ufunguo nimemrudishia Mkuu. Nimemwambia unanielemea mfuko.

Ijumaa, 31 Mei

Ukumbi ulijaa, wengine dirishani. Mtoto wa chumba cha herufi alisoma herufi zake, akapigiwa makofi. Kisha akaitwa wa maneno, Chiriku, na wazazi wakaanza kutabasamu kabla hajafika mbele, maana wanamjua. Mama mmoja mshona nguo akafungua kitabu kipya katikati na kuweka kidole. Nilikuwa nimekaa kati ya mume wangu na Bibi, na nilikiona kitabu vizuri. Ukurasa ulikuwa na picha kubwa: ng'ombe, watoto wawili, kisima.

"Wa… to… to. Watoto," alianza. "Wa… li… kwe… nda."

Ukumbi ukapoa. Mtu nyuma akasema, "Leo Chiriku kameza nini?" na wachache wakacheka. Akamaliza mstari wa kwanza. Akaanza wa pili. Jasho lilikuwa linamtoka puani, na mume wangu alikuwa amekalia viganja vyake mwenyewe.

Mstari wa tatu akagota. Neno refu. Nililijua, ukumbi mzima ulilijua, lilikuwa limechorwa pale juu kwa rangi. Alinyanyua macho akatazama picha. Nikaliona lile tabasamu lake likianza kuja, lile la "inasema shikamoo Mama", nikajua hadithi nzima ilikuwa imeshajaa mdomoni, ng'ombe, watoto, kisima, na sauti zao, na makofi. Na Mungu anisamehe, nilitaka aisimulie. Nilitaka aidanganye tu, iishe, twende nyumbani.

Kamanda aliona kama nilivyoona. Alikuwa amesimama ukutani na watoto wake wa la nne, na mkono wake ukapanda na rula, wa huruma kabisa, na watoto wakavuta pumzi wamsaidie kwa pamoja.

Chiriku akaweka kiganja juu ya picha, akaifunika yote.

"Nyamazeni," akasema. "Nasoma mwenyewe."

Rula ikashuka. Hakuna aliyecheka tena. Nilimsikia Bibi akinong'ona silabi ambazo hakuwa akiziona.

"Ki," akasema binti yangu. "Ki… si. Kisi… ma… ni." Akarudi mwanzo wa mstari, kama tunavyowafundisha, akausoma wote, polepole, kiganja bado juu ya ng'ombe. Kisha wa nne. Ilichukua muda mrefu mno na wageni wengine walikuwa na safari, lakini hakuna aliyeinuka. Alipofika mwisho wa ukurasa Mkuu alimwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Inatosha, mwanangu, kaa."

Hakumsikia. Alikuwa ameshafunua ukurasa unaofuata.